Kuhamisha Ngoma Kutoka Apu Moja Hadi Ingine: Soma Hii Kabla Ufute Akaunti

Kuhama keja ndani ya Migosi ni kazi ya asubuhi moja. Unaita msee wa mkokoteni, mnapakia godoro, meko na sabufa, na kabla jua lifike utosini ushaweka kufuli mpya kwa mlango mwingine upande wa Kenya Re. Kuhama apu ya mziki ni risto tofauti kabisa, kwa sababu hapo hakuna mzigo wa kupakia. Zile ngoma elfu moja umekuwa ukikusanya tangu fomu tatu hazijawahi kuwa zako. Kile uko nacho ni orodha ya majina tu, na hiyo orodha inakaa kwa kompyuta za kampuni, si kwa simu yako.

Ukishika hapo, zingine zote zinaingia box. Utajua kwa nini kuhama hakuli bando sana, kwa nini ngoma za kizungu zinahama zote na ohangla inabaki nusu, na kwa nini kuna ngoma zingine hufai kuachia mashine ikuhamishie hata kama ni ya bure.

Watu wanahama kwa sababu mob. Kuna yule alikuwa na Tecno ama Infinix, akapata Boomplay ishawekwa ndani tangu dukani, sasa amenunua iPhone na anataka Apple Music. Kuna yule amechoka na matangazo. Kuna yule mresh amemwambia waungane kwa plani ya watu wawili ili bei ishuke. Na kuna wale walihamishwa kwa nguvu. Waulize waliokuwa Google Play Music. Google iliifunga mwisho wa 2020 ikaambia kila mtu ahamie YouTube Music, na tarehe 24 Februari 2021 ikafuta kila kitu kilikuwa kimebaki. Aliyekuwa amelala akaamka hana plelisti. Wiki hiyo hiyo ndiyo Spotify ilifungua Kenya, kwa hivyo kuna wasee walipoteza mziki na kupata mwingine ndani ya siku mbili tatu.

Kinachohama na kinachobaki

Ukilipia usajili na upakue ngoma ndani ya Spotify, Boomplay ama Apple Music, faili inaingia kwa simu ikiwa imefungwa, na ufunguo uko na hiyo apu peke yake. Huwezi kumtumia mtu kwa WhatsApp. Huwezi kuitoa uweke kwa memori kadi icheze kwa redio ya tuktuk. Siku usajili unaisha, inanyamaza. Hata ukiwa umelipa, Spotify inataka simu iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo zile ngoma umepakua zinatolewa.

Kwa hivyo ukisikia programu "inahamisha" mziki, usifikirie inabeba sauti. Inafungua akaunti yako ya zamani, inasoma jina la ngoma, jina la msanii na albamu, halafu inaenda kwa apu mpya kutafuta kama ngoma hiyo iko huko. Ikiipata, inaiweka kwa plelisti mpya. Ikikosa, inaandika kwamba imekosa. Kazi yenyewe inafanyika kwa mashine zao, si kwa simu yako, ndiyo maana unaweza kuhamisha ngoma 500 na bando lisisikie.

Plelisti ulizotengeneza zinahama. Ngoma umependa, albamu umehifadhi na wasanii unafuata pia huhama, kulingana na programu gani unatumia. Lakini idadi ya mara umecheza ngoma haihami. Tarehe ulipoiongeza haihami, kwa hivyo ile safu ya "nilichokuwa naskia 2022" inapotea na kila kitu kinaonekana kimeingia leo. Picha ya plelisti mara nyingi inabaki nyuma. Na ile akili ya apu inayokujua, inayojua Ijumaa jioni unataka amapiano na Jumapili asubuhi unataka gospel, hiyo unaanza nayo upya kabisa. Itachukua wiki kadhaa za kusikiza kabla iache kukuletea takataka. Wale wa kungoja Wrapped ya Disemba, ukihama Septemba jua mwaka wako utakatwa pande mbili.

Kwa nini ohangla inapotea njiani

Hapa ndipo mtu wa Kisumu anaumia kuliko mtu wa kusikiza Drake.

Kila rekodi iliyotolewa rasmi inafaa kuwa na namba yake, inaitwa ISRC. Ni herufi na tarakimu 12: mbili za mwanzo kwa kawaida zinaonyesha nchi, Kenya ikiwa KE, tatu zinazofuata ni za aliyeisajili, mbili ni za mwaka, na tano za mwisho ni za rekodi yenyewe. Mfumo huu umekuwepo tangu 1986. Ifikirie kama namba ya kitambulisho. Programu nzuri ikiona ISRC moja pande zote mbili, inajua hii ni rekodi ile ile, hata kama jina limeandikwa vibaya. Ikikosa ISRC, inaanza kubahatisha kwa jina na urefu wa ngoma.

Chukua "Kothbiro" ya marehemu Ayub Ogada. Iko kwa albamu yake *En Mana Kuoyo* ya 1993, iliyotolewa na Real World, lebo ya Peter Gabriel. Ngoma hiyo iliingia kwa filamu *The Constant Gardener* ya 2005, na 2018 Kanye West akatumia toleo lingine la ngoma hiyo kwa "Yikes". Ngoma ya aina hii ina makaratasi yake safi, na inahama kutoka apu moja hadi ingine bila shida yoyote.

Sasa chukua benga ya zamani. D.O. Misiani, fundi aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na akafariki kwa ajali ya barabara Kisumu mwaka 2006, utampata akiwa ameandikwa D.O. Misiani, Daniel Owino Misiani, Shirati Jazz, na D.O. 7 Shirati Jazz. Kwa macho ya mashine hao ni watu wanne. Victoria Kings nao wana matawi yao ya B na C, na kila aliyeweka mziki wao mtandaoni aliandika vile alivyotaka. Ukiongeza zile albamu za mkusanyiko ambapo ngoma moja inatokea mara tatu kwa majina matatu, utaelewa kwa nini plelisti ya ngoma 80 za mbuyu wako inafika upande ule mwingine ikiwa na 45.

Dholuo yenyewe inaleta shida yake. Ile ng' ya "Ochieng'" ama "Nyang'" wengine wanaiweka koma ya juu, wengine hawaweki, wengine wanatumia alama tofauti kabisa. Jina la ngoma linaandikwa neno moja hapa na maneno mawili pale. Mara ngoma ni ya mwimbaji peke yake, mara ni ya mwimbaji na bendi, mara mwimbaji amewekwa kama mgeni kwa ngoma yake mwenyewe. Wasanii wa sasa kama Prince Indah wana nafuu kwa sababu ngoma zao zinapitia wasambazaji wa kidijitali wanaojaza hizo fomu. Tatizo kubwa ni miaka ya kaseti, VCD na memori kadi, wakati ohangla ilikuwa inauzwa Kibuye na kando ya barabara Kondele kabla mtu yeyote aulize ISRC ni nini.

Na hata ikipata, inaweza kupata ile si yako. Hii ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ripoti itasema kila kitu kiko sawa. Mashine inaona jina moja, msanii mmoja, inachukua. Kumbe wewe ulikuwa na ile ya laivu ya dakika kumi na nne, imekupa ya studio ya dakika sita.

Kama wewe ni mjaluo unajua kwa nini hizo dakika nane zinauma. Kwa laivu ndiko kuna pakruok. Mtu anasimama, anaweka pesa, bendi inashusha sauti, na anajisifu ama anasifiwa yeye, shemeji zake, kijiji chao na nyanya yake. Kuna nyumba nyingi hapa mtaani ambapo sauti pekee iliyobaki ya kutaja jina la mzee aliyeenda iko ndani ya rekodi kama hiyo, iliyochukuliwa usiku fulani kwa klabu ama kwa matanga, ikapandishwa YouTube na mtu asiyejulikana. Rekodi hiyo haina ISRC. Haiko Spotify wala Apple Music. Ikihamishwa inabadilishwa na ya studio ambayo haimtaji mtu, na hutajua hadi siku uicheze mbele ya familia.

Ngoma za namna hiyo usihamishe, zihifadhi. Tutafika hapo.

Sasa fanya hivi

Kabla ya kitu kingine chochote, usikatize usajili wa zamani. Usifute apu, na kabisa kabisa usifute akaunti. Apu zingine zinakubali kuhamisha ukiwa bado unalipa pekee, na utahitaji kurudi huko kulinganisha. Wacha mwezi mmoja zote mbili ziwe hai. Apu mpya nyingi zinakupa muda wa kujaribu bure, kwa hivyo huo mwezi haufai kukugharimu mara mbili ukipanga tarehe vizuri.

Pili, safisha. Kama una plelisti kumi na tatu zinazoitwa "vibes", huu ndio wakati wa kuzipa majina ya maana na kufuta zile huwezi kusikiza tena. Ukifuta kimakosa kwa Spotify, kuna ukurasa wa kurudisha plelisti kwa mipangilio ya akaunti yako kwa tovuti, na unaweza kurudisha iliyofutwa ndani ya siku 90. Usifanye huu usafi ukiwa umekasirika na mtu. Plelisti ya eks inaweza kuwa na ngoma kali.

Tatu, chagua programu. TuneMyMusic na Soundiiz zinafanya kazi kwa kivinjari, huhitaji kupakua kitu. Kwa mpango wa bure TuneMyMusic inakupa ngoma 500, na Soundiiz inahamisha plelisti moja kwa wakati, isiyozidi ngoma 200. Kwa mtu wa kawaida hizo zinatosha. SongShift ni nzuri pia lakini ni ya iPhone peke yake. Ukiwa na ngoma elfu nne, lipia mwezi mmoja, maliza kazi, na ukatize siku hiyo hiyo kabla ijilipe tena. Wengi wanasahau hapa, halafu kila mwezi kadi yao ya M-PESA GlobalPay inakatwa na jina la kampuni wasilolikumbuka.

Kama unaenda Spotify, kazi imekuwa rahisi zaidi: mwisho wa 2025 waliiweka TuneMyMusic ndani ya apu yenyewe, kwa hivyo unaanzia kwa maktaba yako bila kutafuta tovuti. Na kama unahama kati ya Apple Music na YouTube Music, huhitaji programu ya mtu wa tatu hata kidogo. Tangu 2024 kampuni hizo mbili zimeunganishwa. Kutoka Apple unaingia privacy.apple.com, kutoka Google unaingia Takeout, unaomba plelisti zipelekwe upande wa pili. Inaweza kuchukua dakika chache ama siku kadhaa. Jua tu kwamba inabeba plelisti za ngoma zilizo kwa katalogi. Faili ulizopandisha mwenyewe hazibebwi, na plelisti ya mtu mwingine unayoifuata haibebwi pia.

Kwa Boomplay, Audiomack na zingine, fungua orodha ya huduma za hiyo programu uone kama yako imo kabla utoe pesa. Kama haimo, bado kuna njia ya mguu: maandishi. Programu hizi zinakubali umeze orodha ya kawaida, msanii, kistari, jina la ngoma, kila moja kwa mstari wake. Unaandika kwa Notes za simu, unanakili, unabandika, inatafuta. Ni kazi ya kuchosha lakini ngoma 120 unaweza kumaliza ukiwa kwa foleni ya kinyozi Jumamosi. Na ina faida moja kubwa: unaandika jina vile linavyoandikwa kwa apu mpya, kwa hivyo ohangla yako inapatikana zaidi kuliko ile mashine ingebahatisha.

Usianze na plelisti kubwa. Chukua moja ndogo, ngoma ishirini hivi, yenye mchanganyiko: gengetone kidogo, benga ya zamani, bongo, na za majuu. Ihamishe, uone ngapi zimekosekana. Hapo ndipo utajua kama hiyo apu mpya inakufaa ama uliangalia bei tu. Kuna msee anahama, kumbe nusu ya mziki wake hauko huko kabisa, na hakuna programu ya kuhamisha inaweza kutibu hilo.

Ukimaliza zote, usiamini ile alama ya kijani. Kila programu inatoa ripoti ya zilizokosekana. Ihifadhi, hata kama ni kwa skrinshoti. Halafu linganisha urefu. Ngoma iliyokuwa dakika kumi na sasa ni dakika nne imebadilishwa. Angalia pia karaoke, zile za kuharakishwa za TikTok, zile zilizokatwa matusi, na waimbaji wengine wanaorudia ngoma za watu. Kwa plelisti ya ngoma 300 hii ni kazi ya nusu saa.

Bando ndilo linakuja kukula baadaye

Kuhamisha hakuli data, lakini kupakua upya kunakula. Kila ngoma uliyokuwa nayo nje ya mtandao lazima ishushwe tena kwa apu mpya, na hapa hesabu ni rahisi. Ubora wa kawaida wa Spotify ni kilobiti 96 kwa sekunde, yaani karibu MB 0.7 kwa dakika. Ubora wa juu ni 160, MB 1.2 kwa dakika. Ule wa juu sana ni 320, MB 2.4 kwa dakika. Sasa ukiwa na ngoma 500 za dakika tano tano, hizo ni dakika 2,500. Kwa ubora wa kawaida ni kama GB 1.8, kwa 160 ni GB 3, na kwa 320 ni GB 6 nzima.

Ohangla na rumba ndiyo zinauma zaidi kwa sababu si za dakika tatu. Ngoma moja ya dakika nane kwa 320 ni kama MB 19. Kwa spika ya bluetooth ya thao moja na nusu husikii tofauti, ukweli usemwe. Weka ubora wa chini kwa kupakua, zima kupakua kwa data ya simu ndani ya mipangilio, na ungoje waifai ya chuo, ya kazi, ama ya rafiki mwenye roho safi. Kuna watu wamewahi kuhama saa nne usiku, wakaacha kitufe cha kupakua kimewashwa kwa plelisti zote, na asubuhi bando la wiki limeenda.

Zile hazina mahali pengine

Turudi kwa rekodi za laivu, za kanisa, za matanga, mikstepu za madijei wa mtaa, na ngoma za mabeshte zako ambao waliimba fomu nne wakaacha. Hizi zinaishi kwa faili, na faili ndiyo mali yako kamili.

Hapa Mdundo ina maana yake, na watu huidharau. Ni kampuni iliyoanzia Nairobi, na 2020 iliingia soko la hisa la Nasdaq First North huko Copenhagen. Yao ni tofauti: unapakua MP3 ya kawaida inayokaa kwa simu. Haina kifungo, unaihamisha kwa memori kadi, kwa flashi, kwa redio ya gari. Ukitoka Mdundo huhitaji programu yoyote ya kuhamisha. Ngoma ziko mfukoni tayari.

Ukishakuwa na faili, kuna mahali pa kuziweka zikae pamoja na mziki wako mwingine. YouTube Music inakubali upandishe hadi nyimbo 100,000 zako mwenyewe kutoka kompyuta, na ni wewe tu unazisikia. Kama huna lapi, nenda saiba na flashi, kazi ni ya muda mfupi, na kumbuka kutoka kwa akaunti ya Google kabla uinuke. Apple Music nayo ina njia ya kuingiza faili zako kupitia kompyuta. Spotify inaweza kucheza faili zilizo kwa simu ukiwasha hicho kipengele kwa mipangilio, lakini hiyo haizihifadhi popote. Simu ikiibiwa stendi, zimeenda.

Kwa hivyo weka nakala mbili. Moja kwa flashi ama memori kadi ndani ya keja, nyingine mtandaoni. Na kabla uzipandishe, badilisha jina la faili. "AUD-WA0047" haitamwambia mtoto wako chochote miaka kumi ijayo. Andika msanii, mahali, mwaka kama unaujua, na nani ametajwa ndani. Mathe wako anaweza kukwambia ni nani huyo anasifiwa dakika ya tisa. Muulize sai, akiwa bado anakumbuka.

Hii si mara ya kwanza mziki wa huku kuhama. Benga ilitoka kwa santuri za lebo kama POK na Sungura za Oluoch Kanindo, ikaingia kwa kaseti, ikaingia kwa CD, ikaingia kwa memori kadi za mbao hapo stendi, ikaingia YouTube. Kila uhamisho ulibeba zile zilizokuwa zinauza na kuacha zingine. Leo anayeamua ni ipi ibebwe ni wewe na ile ripoti ya zilizokosekana.

Usalama, na haki yako

Programu halali haikuulizi nenosiri lako moja kwa moja. Inakupeleka kwa ukurasa wa Spotify ama Google wenyewe, unaingia huko, unakubali, inarudi. Ukiona fomu inayokuambia ujaze nenosiri la Spotify ndani ya tovuti ya mtu, hepa. Msee wa Telegram anayesema atakuhamishia kwa soo mbili ukimpa akaunti, hepa pia. Na kama unatumia ile Spotify ya kuchakachuliwa uliyotumiwa APK kwa grupu, jua akaunti hiyo inaweza kufungwa wakati wowote. Toa plelisti zako huko mapema.

Angalia pia akaunti yako inaingia kwa kutumia nini. Wengi walijiandikisha kwa namba ya simu ambayo hawana tena, ama kwa barua pepe ya shule. Siku unataka kuhama ndiyo siku kodi inatumwa kwa laini iliyopotea 2023. Ongeza barua pepe unayofikia leo, kabla hujaanza.

Kuna kitu kingine watu hawajui. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 38, inakupa haki ya kupata data yako binafsi kwa mpangilio ambao mashine inaweza kusoma, na aliyeishika anafaa kukujibu ndani ya siku 30. Sheria hiyo inagusa hata kampuni za nje zinazoshughulikia data ya watu walio Kenya. Kwa Spotify huhitaji kuandika barua. Ingia kwa ukurasa wa faragha wa akaunti yako, omba data ya akaunti, na ndani ya siku chache wanakutumia faili zenye plelisti, maktaba yako na historia ya mwaka mmoja. Ile historia ndefu ya tangu ujiunge unaomba kando, na inaweza kuchukua hadi siku 30. Iombe hata kama huhami. Faili ni ndogo, zinatoshea kwa barua pepe, na siku kampuni ikifunga mlango vile Google Play Music ilifunga, wewe unajua jina la kila ngoma ulikuwa nayo.

Ukishamaliza kila kitu na umelinganisha, rudi ukate ruhusa. Kwa Spotify ni "Manage apps" kwa tovuti ya akaunti yako, kwa Google ni sehemu ya programu zilizounganishwa. Toa ile programu ya kuhamisha, kwa sababu haina kazi tena na bado inaweza kusoma na kubadilisha plelisti zako. Halafu sasa ndiyo ukatize usajili wa zamani, siku mbili kabla ya tarehe ya kukatwa. Akaunti yenyewe usiifute. Kama ni Spotify, iache ikae bure na matangazo yake, plelisti zinabaki pale pale, na ile ripoti ikikuonyesha mwezi ujao kwamba kuna ngoma ulikosa kuiona, utajua pa kuitafuta.